Kutoka Jokofu la Magamba hadi Mifumo ya Kwanta Isiyo na Mpangilio: Historia ya Swali la Erasto Mpemba

IKISIRI

Insha hii inafuatilia safari ya swali lililozaliwa mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, pale Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alipoona maziwa ya moto yakiganda kabla ya maziwa yasiyochemshwa. Simulizi za kawaida hulichukua tukio hili kama ushindi wa mwanafunzi dhidi ya walimu waliomkejeli, au kama kitendawili cha maji ambacho wataalamu bado wanakibishania. Insha inaonesha kwamba mitazamo yote miwili inaacha jambo la msingi. Walimu walimpinga Mpemba kwa hoja iliyokuwa sahihi kimantiki, lakini iliyotegemea dhana kwamba joto peke yake latosha kuieleza hali ya kitu kinachopoa. Dhana hiyo ndiyo iliyokuja kuchunguzwa na wanahisabati na wanafizikia wa mifumo isiyo na mpangilio, na hatimaye wa mifumo ya kwanta, kati ya mwaka 2017 na 2024. Kwa hiyo, urithi wa Magamba unabaki imara hata pale dai lenyewe kuhusu maji linapotiliwa shaka.

1.0 Utangulizi

Katika majarida ya fizikia ya miaka ya hivi karibuni, jina la Mtanzania mmoja hutajwa mara nyingi kuliko majina ya wanasayansi wengi wa Afrika Mashariki wenye shahada za uzamivu. Jina hilo ni Mpemba. Wasomaji wengi wa majarida hayo hawajui kwamba ni jina la mtu, wala kwamba mtu huyo aliliuliza swali lake akiwa mwanafunzi wa sekondari katika milima ya Usambara. Kwa upande wa pili, Watanzania wengi waliolisikia jina hilo shuleni hawajui kwamba swali lenyewe limeyaacha maji na barafu likaingia katika utafiti wa ioni, spini na minyororo ya atomu.

Pengo hilo ndilo linalozibwa hapa. Insha inajibu maswali matatu. Kwanza, ni nini hasa kilichotokea Magamba, Tanga, Iringa na Dar es Salaam kabla ya makala ya mwaka 1969? Pili, kwa nini dai kuhusu maji limebaki na utata kwa muda mrefu? Tatu, ni kwa njia gani swali la mwanafunzi lilifika katika hisabati ya mifumo ya kwanta isiyo na mpangilio, na hatua hiyo inabadilisha vipi tathmini ya kihistoria ya tukio la Magamba?

2.0 Usambara na Majina ya Uvumbuzi

Magamba ipo katika Usambara Magharibi, juu ya mji wa Lushoto, ambao wakati wa utawala wa Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Milima hiyo ilikuwa uwanja wa utafiti wa kisayansi muda mrefu kabla ya mwaka 1963. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, ambako mimea kama mkwinini, kahawa na mpira ilijaribiwa. Waingereza waliirithi taasisi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikageuka kuwa kituo cha utafiti wa malaria.

Katika utaratibu huo wa kikoloni, milima ilitoa vielelezo na Ulaya ikatoa majina. Mfano ulio wazi ni ua dogo la zambarau ambalo leo hupandwa katika vyungu vya madirishani duniani kote. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Wajerumani, aliuona mmea huo katika maeneo ya Tanga na Usambara, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliueleza kisayansi na kuupa jina la Saintpaulia. Wenyeji walioishi na mmea huo hawakuingia katika jina wala katika maelezo.

Athari ya Mpemba ni kinyume cha mfano huo. Jambo lililoonwa Usambara limebeba jina la aliyeliona, na aliyeliona hakuwa ofisa, mmisionari wala mtafiti wa taasisi, bali mwanafunzi. Hata hivyo, tofauti hiyo isikuzwe kupita kiasi. Jina halikutoka Magamba moja kwa moja. Lilipita kwanza katika dhihaka za darasani, kisha katika maabara ya chuo kikuu na jarida la Uingereza, kabla ya kukubalika. Njia hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

3.0 Magamba, Tanga na Mkwawa

Chanzo kikuu cha tukio ni makala ya Mpemba na Denis Osborne iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ambamo Mpemba alisimulia mwenyewe yaliyompata. Simulizi hilo liliandikwa miaka sita baada ya tukio, hivyo lisomwe kama kumbukumbu na si kama daftari la majaribio. Hata hivyo limejaa mambo madogo ambayo hayakuwa na faida yoyote kwa hoja ya kifizikia, na hilo linalipa uzito.

Wanafunzi wa Magamba walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa wanawake wa maeneo ya jirani, wakayachemsha, wakachanganya na sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaweka katika chumba cha barafu cha jokofu. Jokofu lilikuwa moja na wateja walikuwa wengi, hivyo nafasi iligombaniwa. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake pale mwenzake, kwa kuhofia kukosa nafasi, alipochanganya maziwa mabichi na sukari na kukimbilia jokofu bila kuyachemsha. Mpemba aliona kwamba akisubiri maziwa yapoe atakosa trei ya mwisho. Akayaweka yakiwa ya moto, huku akijua kwamba angeweza kuliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba tukio halikuwa jaribio. Maziwa hayo yalitofautiana kwa zaidi ya joto: ya mmoja yalichemshwa na ya mwingine hayakuchemshwa, na nafasi zao ndani ya jokofu hazikuwa sawa. La pili ni kwamba ulinganisho ulipatikana kwa sababu ya uhaba. Kama pangekuwa na majokofu mawili, kila mmoja angefuata utaratibu wake na tofauti isingeonekana.

Mpemba alimuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa na kwamba haiwezekani. Aliliacha. Lakini baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Rafiki huyo alimweleza kwamba yeye huweka maziwa yakiwa ya moto kwa makusudi, kwa kuwa hivyo aiskrimu huwa tayari mapema. Kipengele hiki husahaulika katika simulizi nyingi, ingawa kihistoria ni cha maana sana. Kinaonesha kwamba maarifa ya jambo hili yalikuwepo tayari katika biashara ya mtaani, yakiwa kanuni ya kazi isiyohitaji maelezo. Mpemba hakuwa wa kwanza kuona. Alichokifanya ni kuyatoa maarifa hayo katika kazi na kuyageuza kuwa swali.

Baada ya kufaulu mtihani wa kidato cha nne, Mpemba alijiunga na Shule ya Mkwawa, Iringa. Huko alifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, isemayo kwamba kasi ya kitu kupoa hutegemea tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira. Aliuliza tena. Mwalimu alipoishiwa na majibu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu mzima. Kuanzia hapo kila alipokosea hesabu, mwalimu na wanafunzi wenzake waliliita kosa hilo kwa jina lake.

Ni rahisi kumlaumu mwalimu huyo, na simulizi nyingi hufanya hivyo. Lakini hoja yake iangaliwe kwa haki. Maji ya nyuzi 100 yakipoa ni lazima yapite nyuzi 35. Yakifika hapo, yatakuwa sawa na maji yaliyoanza na nyuzi 35, na kutoka hapo yatahitaji muda uleule yaliouhitaji yale. Jumlisha muda yaliotumia kushuka kutoka 100, na jibu ni wazi kwamba hayawezi kuwahi. Hoja hii haina dosari ya mantiki. Inategemea sharti moja tu ambalo halikutamkwa: kwamba maji yaliyofika nyuzi 35 kutoka juu ni sawa kwa kila hali na maji yaliyoanza na nyuzi 35. Kwa maneno mengine, kwamba namba moja inayosomwa kwenye kipimajoto inaeleza kila kitu ambacho mwendo wa mbele unakihitaji. Sharti hilo ndilo Mpemba alilokuwa akiligonga bila kulitaja, na ndilo litakalorudi katika sehemu za mwisho za insha hii.

4.0 Majaribio ya Dar es Salaam na Makala ya 1969

Akiwa Mkwawa, Mpemba aliikuta maabara ya biolojia ikiwa wazi, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka katika chumba cha barafu. Baada ya saa moja aliona barafu nyingi zaidi katika bika ya maji ya moto. Jambo hilo halikuwa hakika, lakini lilimpa ujasiri. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, alipotembelea shule hiyo na kukaribisha maswali, Mpemba alisimama na kuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 yakiwekwa pamoja katika vyombo vinavyofanana na kwa ujazo uleule.

Wenzake walicheka. Osborne alimuuliza kama ni kweli na kama amelifanya jaribio hilo. Alipojibiwa ndiyo, alikiri kwamba hajui sababu na akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini akaongeza kwamba wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Majaribio yaliyofuata yalitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika bika zilizowekwa juu ya povu la plastiki ndani ya chumba cha barafu cha jokofu la kawaida. Maji yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanza na takriban nyuzi 25. Yaliyoanza na joto kubwa zaidi yaliwahi, na yaliyowahi kuliko yote yalianza na nyuzi 90.

Osborne alichunguza sababu zilizowezekana. Aligundua kwamba maji yaliyopotea kwa kugeuka mvuke yalikuwa machache mno kuweza kueleza tofauti yote. Maji yalipofunikwa kwa tabaka jembamba la mafuta, kuganda kulichelewa sana, ishara kwamba joto lilitoka hasa kupitia uso wa juu. Alipendekeza kwamba mzunguko wa maji ndani ya chombo huuacha uso huo ukiwa na joto zaidi kuliko wastani, na kwamba maji ya moto huendeleza tofauti hiyo hata baada ya wastani wake kushuka. Tafsiri yake ni kwamba vyombo viwili vyenye wastani mmoja wa joto vinaweza kuwa katika hali mbili tofauti. Sharti lililofichika katika hoja ya mwalimu lilikuwa limeguswa kwa mara ya kwanza.

Makala ilipotoka, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa katika uhifadhi wa wanyamapori, si fizikia. Jambo la kutajwa katika historia ya elimu ya nchi ni kwamba jina lake lilitangulia lile la Osborne katika makala hiyo, na kwamba sehemu ya kwanza aliiandika kwa sauti yake mwenyewe. Katika miaka ambayo utafiti mwingi kuhusu Afrika ulimgeuza mwenyeji kuwa mtoa taarifa asiye na jina, uamuzi huo haukuwa wa kawaida. Fundi wa maabara na muuza aiskrimu wa Tanga hawakupata bahati hiyo. Wamo katika makala, lakini bila majina.

5.0 Mzozo kuhusu Maji

Mwaka uleule wa 1969, George Kell wa Kanada alichapisha makala kuhusu jambo hilohilo, akieleza kwamba nchini kwake ni imani ya watu wengi. Baadaye wasomaji walikumbusha kwamba Aristotle, Francis Bacon na René Descartes waliwahi kuandika juu ya maji ya moto yanayoganda upesi. Kwa hiyo, dai la kwamba Mpemba alikuwa wa kwanza haliwezi kutetewa. Lakini waandishi hao walilitaja jambo lenyewe ndani ya mijadala mingine, na baada ya kanuni ya Newton kuenea, fizikia ya shuleni ililiacha kabisa. Mchango wa Mpemba ni kulirudisha katika umbo la swali linaloweza kupimwa: vyombo viwili, ujazo mmoja, jokofu moja, joto mawili ya kuanzia.

Maelezo yalifuatana. Wengine walitaja mvuke, wengine gesi zilizoyeyuka majini, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo. Mwaka 1995 David Auerbach alieleza nafasi ya maji kupoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda, jambo linalotokea kwa kiasi kisichotabirika kirahisi. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza tuzo ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, kikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Kroatia. Wingi huo wa majibu ulikuwa pia dalili kwamba hakuna jibu moja lililokubaliwa.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2016, pale Henry Burridge na Paul Linden walipochapisha majaribio yao pamoja na uchambuzi wa majaribio ya watangulizi wao. Walipopima muda wa maji kufika nyuzi 0, hawakuona ushahidi wa maana wa athari hiyo. Walionesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kwa kiasi kidogo, hata sentimita moja, kunaweza kutoa matokeo yanayofanana na athari ya Mpemba. Utafiti huo una mpaka wake, kwa kuwa haukuhusu hatua ya kuganda yenyewe. Hata hivyo hauwezi kupuuzwa na mwanahistoria anayetaka kumtukuza Mpemba.

Hapa ndipo madai matatu yanapopaswa kutenganishwa. La kwanza ni kwamba siku moja huko Magamba maziwa ya moto yaliwahi kuganda. La pili ni kwamba maji ya moto, kwa jumla, huganda upesi kuliko ya baridi. La tatu ni kwamba kitu kilicho mbali zaidi na mwisho wa mwendo wake kinaweza kufika kabla ya kilicho karibu, katika mazingira yaleyale. Utata wa dai la pili hauliangushi la kwanza, wala hauligusi la tatu. Dai la tatu halihusu maji hata kidogo.

6.0 Swali Linaingia katika Hisabati

Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliliandika dai la tatu kwa lugha ya hisabati. Waliuchukulia mfumo unaopoa kama mkusanyiko wa mienendo mingi inayofifia pamoja, kila mmoja kwa kasi yake. Mwenendo unaofifia polepole kuliko yote ndio unaoamua muda wa kufika kwenye msawazo. Ikiwa mfumo ulioanza na joto kubwa una sehemu ndogo zaidi ya mwenendo huo mzito, utawahi kufika, ingawa ulianza mbali.

Jiografia ya Usambara yenyewe inaweza kulifafanua jambo hili. Msafiri anayeteremka kutoka Magamba kwa barabara kuu, akapita Lushoto na Soni, anaweza kufika Mombo kabla ya mwenzake aliyeanzia chini zaidi na karibu zaidi, lakini ndani ya bonde ambalo njia yake ya kutokea imezibwa. Kimo cha mahali pa kuanzia hakitoshi kueleza muda wa safari. Inahitajika ramani ya mabonde. Hoja ya mwalimu wa Iringa ingekuwa kweli endapo mlima ungekuwa na njia moja tu, ambayo kila anayetoka juu ni lazima aipite mahali alipoanzia wa chini.

Mifumo isiyo na mpangilio ni mifumo yenye mabonde mengi. Mwaka 2019 Israel Klich, Oren Raz, Ori Hirschberg na Marija Vucelja walionesha kwamba yako mazingira ambamo mwenendo mzito hutoweka kabisa kwa joto fulani la kuanzia, na kupoa kukawa kwa haraka isiyo na kifani. Sehemu ya kazi yao ilichunguza kielelezo ambacho nishati za mfumo huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka huohuo kundi la watafiti wa Hispania na Italia, wakitumia kompyuta maalumu iitwayo Janus II, walitangaza kuiona athari hiyo katika kioo cha spini, yaani maada ambayo sumaku zake ndogondogo huvutana na kusukumana bila utaratibu. Waligundua kwamba kinachoamua mshindi ni ukubwa wa maeneo ambayo spini zake zimekwisha kupatana, yaani kumbukumbu ya safari ya mfumo, wala si joto peke yake.

Jaribio lililotawaliwa kikamilifu lilifuata mwaka 2020. Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliachia punje moja ndogo sana ya kioo ndani ya maji na kuiongoza kwa leza katika mabonde mawili waliyoyachora wenyewe. Waliona punje iliyoanza na hali ya joto kubwa ikifikia msawazo kabla ya iliyoanza na joto dogo, tena kwa kipimo kilichotabiriwa na hisabati. Safari hii hapakuwa na shaka ya mvuke, gesi wala mahali pa kipimajoto.

7.0 Mifumo ya Kwanta Isiyo na Mpangilio

Kufikia hapo swali la Magamba lilikuwa limekutana na tawi jingine la utafiti. Mwaka 1958 Philip Anderson alionesha kwamba elektroni ndani ya fuwele yenye kasoro zilizotapakaa ovyo inaweza kunaswa mahali ilipo badala ya kusambaa, jambo lililochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Wanahisabati walitumia miongo kadhaa kulithibitisha kwa ukamilifu. Goldsheid, Molchanov na Pastur walilithibitisha kwa mstari mmoja mwaka 1977, na Fröhlich na Spencer waliandaa mwaka 1983 mbinu iliyohusu vipimo vya juu zaidi.

Elektroni moja ni jambo moja, na chembe nyingi zinazoathiriana ni jingine. Je, mparaganyiko unaweza kuuzuia mfumo mzima usifikie msawazo wa joto? Mwaka 2016 John Imbrie, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Virginia, alitoa uthibitisho kwa mnyororo wa spini wenye mparaganyiko mkubwa, kwa sharti kwamba viwango vya nishati havisongamani kupita kiasi. Mfumo wa namna hiyo huhifadhi daima alama za mahali ulipoanzia. Kwa lugha ya Magamba, ni maziwa yasiyosahau kwamba yaliwahi kuchemshwa.

Katika mifumo ya kwanta athari ya Mpemba ilipata sura mpya. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese walichunguza minyororo ya spini iliyovunjiwa ulinganifu kwa kuinamishwa, kisha ikaachwa ijiendeshe. Walipima jinsi sehemu ya mnyororo inavyourudia ulinganifu, na wakaona kwamba ule ulioinamishwa zaidi unaweza kuurudia mapema. Mwaka 2024 watafiti, miongoni mwao wale wa Innsbruck, Austria, waliona jambo hilo katika mnyororo wa ioni 12 zilizonaswa kwa nguvu za umeme. Mwaka huohuo Shuo Liu na wenzake wa Uchina walilipeleka swali katika mifumo iliyonaswa na mparaganyiko. Walihitimisha kwamba humo ulinganifu hurudi kikamilifu ingawa msawazo wa joto haufikiwi, na kwamba athari ya Mpemba hutokea kwa kila mnyororo ulioanza ukiwa umeinamishwa, ilhali katika mifumo ya vurugu hutegemea hali ya mwanzo iliyochaguliwa.

Matokeo hayo yana maana ya pekee kwa hoja ya insha hii. Mahali ambapo joto linapoteza kabisa uwezo wa kuueleza mfumo, ndipo athari ya Mpemba inapoacha kuwa jambo la nadra na kuwa kanuni. Kilichoitwa fizikia ya Mpemba kwa kejeli kimekuwa, katika uwanja huo, fizikia ya kawaida.

8.0 Hitimisho

Historia hii inakataa masimulizi mawili mepesi. La kwanza ni la kishujaa, linalomfanya Mpemba kuwa mgunduzi wa kanuni ya maji iliyothibitishwa. Majaribio ya mwaka 2016 hayaruhusu kauli hiyo. La pili ni la kubeza, linalosema kwamba kwa kuwa kanuni ya maji ina utata, basi jina limebaki kwa sababu ya huruma. Utafiti wa 2017 hadi 2024 hauruhusu kauli hiyo pia. Jina limebaki kwa sababu swali liliuliza jambo ambalo kanuni ya kitabuni ilikuwa imelichukulia kuwa halina haja ya kuulizwa.

Kwa watafiti wa historia ya sayansi nchini Tanzania, kisa hiki kinapanua maana ya mahali pa maarifa. Usambara haikuwa tu chanzo cha vielelezo vya Amani na mbegu za Herrenhausen. Ilikuwa pia mahali ambapo jokofu moja lililogombaniwa, maziwa ya wanawake wa jirani na uzoefu wa muuza aiskrimu wa Tanga viliunganika na kutoa swali. Kwa walimu na watahini, kinaacha mizani ya kupimia. Mwalimu wa Iringa na mhadhiri wa Dar es Salaam waliijua kanuni ileile ya Newton, na wote wawili hawakuwa na jibu. Waliachana katika jambo moja tu: mmoja aliitumia kanuni kulifunga swali, mwingine akauliza kama jaribio limefanyika, kisha akaenda kulifanya.